Mihuri Mitano ya Baba Asifiwe

Jumatatu, 14 Julai

Hatari! Mama mkwe ametoa hukumu. Alianza vizuri tu na sala ya chakula, akamaliza kwa kutangaza kwamba Jumapili anarudi kwao Tukuyu na mke wangu Sekela na mtoto wangu. Watakaa huko mpaka mtoto atembee, na ikibidi mpaka aanze shule. Sababu? Eti nyumba hii haina baba. Nimekaa mbele yake! Kijiko mkononi!

Nikamwuliza kwa adabu zote nifanye nini ili abadili mawazo. Akasema anataka ushahidi. Asifiwe ana miezi mitatu na nusu, na tangu azaliwe nimembeba mara mbili, tena mara moja kwa ajili ya picha. Uongo mtupu. Ni mara tatu. Picha zilikuwa mbili.

Sekela hakunitetea. Alikuwa ananyonyesha, anatazama ukuta. Hapo ndipo moyo ulipouma. Akipanda lile basi nitabaki hapa Ukonga na feni mbovu za wateja (mimi ni fundi feni) na kitanda kikubwa cha bure. Siwezi. Nampenda mke wangu. Mtoto nampenda pia, ingawa hatujazoeana.

Lakini Mungu si Athumani! Jioni jirani yangu Farhan, yule dereva bajaji mwenye mtoto wa miezi minne na maringo ya miaka arobaini, alikuwa barazani anajipepea na kadi ya kijani. Nikauliza. Kumbe kuna Kikundi cha Akina Baba pale zahanati, anakiongoza Sista Auleria, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Wanakutana kila Ijumaa. Ukimsindikiza mkeo kliniki, kadi yako inagongwa muhuri. Ijumaa hii mwenye mihuri mingi anakuwa mwenyekiti. Farhan anayo minne.

Muhuri! Mama mkwe gani duniani anabishana na muhuri? Nimejiandikisha hapo hapo kwa simu, kadi nachukua kesho. Nahitaji mitano.

Sekela alikuwa ananiambia kitu kuhusu Jumatano. Nikasema sawa, sawa. Nilikuwa napiga hesabu.

Jumanne, 15 Julai

Hesabu ilikataa. Mtoto mmoja, kliniki mara moja kwa mwezi, mihuri mitano. Mpaka Desemba! Nikaenda zahanati kufikiria kwa karibu.

Ukutani wamebandika tangazo: mama aliyekuja na mwenza wake anahudumiwa kwanza. Na chini ya tangazo, mabenchi yamejaa akina mama waliokuja peke yao tangu saa kumi na mbili asubuhi, wanajipepea. Nikawatazama. Wao shida yao hawana baba wa kukaa naye. Mimi shida yangu sina akina mama wa kutosha. Akili ikawaka kama taa!

Nikaanza na dada mmoja mjamzito, Hope, ambaye mumewe yuko machimboni Geita. Nikamweleza mpango. Akanipima kutoka utosini hadi kwenye ndala. Akasema potelea mbali kaka, mie kiuno kinaniua. Tukaingia kama mtu na mkewe. Dakika kumi, tumetoka. Muhuri wa kwanza!

Nikafika getini nikakuta wawili wananisubiri, na wameshagombana nani ametangulia. Foleni ya kunigombania mimi! Wa pili nikaenda naye nimevaa kofia, wa tatu nimevaa miwani ya jua. Nesi akanisifu, akasema akina baba wa siku hizi mmeamka. Nikamwambia tumeamka kweli, sista.

Mihuri mitatu kwa asubuhi moja! Kichanga cha yule wa tatu kilinicheulia begani, lakini hiyo ni ajali kazini. Nyumbani Sekela akanusa shati, akauliza ni maziwa ya nani haya. Nikasema ya dukani.

Jumatano, 16 Julai

 Nitaandika kwa ufupi.

Saa mbili nilishapata wa nne. Bado mmoja! Wa tano akawa Zuena, mimba ya miezi minane, mcheshi kupita kiasi. Tukakalishwa benchi la mbele kabisa, lile la wenza. Nesi akauliza mbele za watu kama baba anajua kundi la damu la mkewe. Nikasema O. Zuena akacheka, akasema haya, tuseme O. Nikajiona nimeshakalia kiti cha uenyekiti.

Mara nesi akaita mtoto wa chanjo: Asifiwe Isack.

Jina zuri, nikawaza. Kama la mwanangu.

Nikageuka. Benchi la mwisho kabisa, karibu na choo, Sekela anasimama na mtoto. Pembeni yake mama mkwe na mkoba. Jumatano! Ndicho alichokuwa ananiambia juzi! Wamekaa tangu asubuhi, wamepitwa na kila mwenye mume, akiwemo yule wa nne niliyempitisha mimi.

Nesi akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Sekela akanitazama. Akanitazama sana. Akasema hayupo.

Mama mkwe naye akatazama benchi letu, akasema hata yeye hamwoni.

Nikanyoosha mkono. Nesi akaniambia baba tulia, zamu ya mkeo bado. Zuena akaniuliza, kwa sauti ya kufika Gongo la Mboto, kumbe nina mke. Zahanati nzima ikageuka. Kofia haikusaidia.

Alhamisi, 17 Julai

Mtaa mzima unajua. Kwa mujibu wa mwenye genge nina wake wanne. Kwa mujibu wa fundi cherehani ni sita, na akaniuliza nawezaje na kodi zilivyopanda. Nilitaka kukanusha, kisha nikaona kuna heshima fulani ndani yake. Sikukanusha haraka.

Nyumbani begi limeshuka kutoka juu ya kabati. Nguo za Asifiwe zimekunjwa vizuri, ndogo ndogo. Nilitazama zile soksi nikashindwa kula.

Jioni Sekela akaongea. Akasema foleni haikumuumiza, ameshazoea foleni. Kilichomuumiza ni kwamba nilikuwa namshikia Zuena mkoba. Yeye tangu ajifungue sijawahi kumshikia hata ndoo.    

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kwenye kikundi na uongo tayari mfukoni: ningesema nilikuwa na malaria iliyopanda kichwani. Baraka iliyoje kuwa na mpango!

Sista Auleria akaiweka kadi yangu mezani. Mihuri minne ndani ya siku mbili, watoto wanne, mama wanne. Akasema kwa upole kwamba kitaalamu inawezekana, lakini ningekuwa nimekufa. Wanaume kumi na mmoja wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Malaria ikanikimbia, nikajikuta nasema ukweli: Jumapili wananichukulia mtoto, na mtoto mwenyewe akilia naogopa. Nashindwa hata kujua shingo yake nishike wapi.

 Kisha Farhan, Farhan huyu huyu, akasema mwezi wa kwanza yeye alikuwa analala kwenye bajaji na kumdanganya mkewe kwamba ana abiria wa alfajiri. Mwingine akasema alijifungia bafuni na redio. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wanaume wazima wenye ndevu. Sijawahi kufurahi hivi kusikia shida za watu!

Farhan kawa mwenyekiti kwa mihuri yake minne. Nimempigia makofi, kwa kinyongo. Akasema kesho saa moja yuko kwangu na beseni.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya siku! Farhan kaja kweli. Kanifundisha kupima maji kwa kiwiko, kushika kichwa cha mtoto, kufunga khanga mgongoni. Anafundisha kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyebuni watoto. Nimevumilia. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka anachambua maharage na kuona yote.

Farhan alipoondoka, Sekela akasema anakwenda sokoni na mama yake kununua vitu vya safari. Masaa mawili. Maziwa aliyokamua yako kwenye kikombe. Akaniwekea mtoto mikononi, akatoka. Hakugeuka.

Dakika tatu za amani. Kisha Asifiwe akafungua mdomo.

Maziwa, hataki. Nikaimba pambio, akazidisha. Nikawasha feni ya mteja, ile yenye bolti zilizolegea, ikaanza kuguna, na mtoto akanyamaza! Akacheka! Nikawasha ya pili. Nikawasha tano! Asifiwe anarusha miguu, mimi naruka, bolti zinagongana, upepo umemwaga karatasi nyumba nzima. Tumegundua jambo mimi na mwanangu!

Umeme ukakatika.

Alilia kilio ambacho majirani wa upande wa gereza la Ukonga walikisikia. Nikachukua khanga. Mara ya kwanza nilifunga vibaya, nikajifunga mimi. Mara ya pili akakaa. Ndani palikuwa na joto, nikatoka naye barabarani. Kijiweni wakapiga mbinja, wakaniita mume wa wanne. Waniite! Maana alikuwa amenyamaza, na pumzi yake ilikuwa inanipiga shingoni, fu, fu, fu. Nikatembea mpaka gengeni nikarudi, nikatembea tena. Kisha nikahisi uvuguvugu unashuka mgongoni mpaka kwenye suruali. Amenikojolea. Nilisimama katikati ya njia nikalia kwa furaha, mtu mzima, mchana kweupe.

Hapo ndipo walipotokea. Mama mkwe akanizunguka mara moja.  Akafungua khanga, akampandisha mtoto juu zaidi, akafunga upya na kukaza fundo kifuani pangu mpaka nikakohoa.

Sekela akanipa ndoo ya nyanya nishike.

Jumapili, 20 Julai

Mama mkwe kaondoka asubuhi na basi la Mbeya. Peke yake! Farhan alitupeleka stendi ya Mbezi. Nikampa shikamoo ya kuagana, akaniitikia marahaba mwanangu. Mwanangu! Sekela kwenye bajaji akaegemea bega langu, akaniomba jambo moja tu: mipango basi, Baba Asifiwe. Kuwa baba tu, inatosha. Nikamwapia. Nikaapa kwa jina la mama yake. Nilimaanisha kila neno, na nimeandika hapa ili iwe ushahidi: mipango mwisho! Mimi ni mtu mpya!

Saa kumi alasiri Sista Auleria katuma ujumbe kwenye kundi la simu. Alhamisi wanakuja wageni kutoka wilayani. Watapiga picha, watagawa fulana, na wanataka baba mmoja atoe ushuhuda wa malezi. Farhan akajibu haraka kwamba yeye yuko tayari, kama kawaida yake. Sista akamwambia asante mwenyekiti, lakini safari hii wanatafuta baba wa mapacha.

  Hakuna mwenye mapacha!

Nimemjibu Sista pembeni, si kwenye kundi, kwamba nipo. Ushuhuda nimeshaandika, kurasa mbili, unaliza. Asifiwe ana miezi mitatu na nusu, wa Farhan minne, na wakifunikwa kofia kwa mbali hawatofautiani kabisa. Kilichobaki ni kumwomba Farhan aniazime mtoto bila kumwambia wa nini.