Kilo za Juu Zisizohesabiwa

Muiruri Ngigi,
Mnunuzi wa Viazi kwa Jumla,
Molo na Nakuru.

Kwa Afisa wa Vipimo na Mizani,
Nakuru.

Bwana Afisa,

KUH: DHULUMA YA UZITO YALIYOTENDEWA MABEGA YANGU

Pokea salamu zangu nyingi, ingawa sikupungii mkono. Siwezi. Tangu Jumatano mikono yangu haipandi kupita kiuno, shingo imekakamaa, na kazi ya kunichana nywele imechukuliwa na mke wangu Waithera, anayechana kama mtu anayekwangua sufuria. Nakuandikia wewe badala ya daktari kwa sababu daktari ndiye aliyenitia kwenye shida hii. Aliniambia tumbo langu limenitangulia sana, nijiunge na jimu. Nikajiunga na moja hapa mjini, nikapewa kocha anayeitwa Jerry, mwenye kifua kipana na huruma kidogo.

Mimi ni mtu wa mizani. Kwa miaka kumi na moja nimenunua viazi Molo na kuvisafirisha kwa malori, kwa hivyo naujua uzito na naijua haki yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuongezewa uzito kisirisiri. Tulikubaliana na Jerry kilo thelathini. Nikalala kwenye benchi, nikashika chuma, nikasukuma. Kikakataa kupanda. Kutazama vizuri, nikaona kila upande umetiwa kisahani kidogo cha ziada. Nikauliza ni nini hicho. Akanijibu, "Mzee, hizo ni za juu tu. Hizo hatuhesabu." Bwana Afisa, nilishtuka. Kitu kinachonikandamiza kifua kinawezaje kuwa hakipo? Nakubali kwamba katika biashara yetu gunia la viazi hushonewa wavu juu, likajazwa mpaka likavaa kilemba, na mkulima akiuliza habari za kilemba huambiwa kile ni cha kufunga mdomo wa gunia tu. Lakini hiyo ni desturi ya soko, na viazi havina mabega.

2. Sahani za uongo. Kwa kuwa imani yangu ilikuwa imekwisha, niliazima sahani moja ya chuma iliyoandikwa kilo ishirini, nikaipeleka kwenye stoo yangu Molo, nikaipima kwa mizani yangu mwenyewe. Ikasoma kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne. Mizani hii haijanikosea hata siku moja. Wako wakulima wanaoinung'unikia, lakini mimi sijawahi kupata sababu. Kwa hivyo jimu hii inaniibia pande mbili: za juu wananiongezea kwa siri, na zile za halali wanazipunja. Tena kama kilo kumi na nne zimenifanya hivi, ishirini za kweli si zingenizika?

3. Lugha ya dharau. Nilipomweleza Jerry kwamba mabega yanawaka moto, na kwamba la kulia linalia kama bawaba ya geti, alicheka. "Ni kawaida, boss. Utazoea." Hakuniambia nipumzike, wala hakupunguza hata kisahani kimoja. Neno hilo liliniuma kuliko chuma chenyewe. Nizoee nini? Mwili una mwisho wake. Sheria yenyewe inasema gunia la viazi lisizidi kilo hamsini, maana linabebwa na mgongo wa mtu. Watu wazima walikaa kwenye viti wakaufikiria mgongo huo. Nani amekaa akafikiria wangu? Ni kweli kwamba mwezi wa tatu mpakiaji wangu, Thuo, alikuja akaniambia bega lake la kushoto limetoka mahali pake chini ya gunia, nami nikamwambia ni kawaida, atazoea, ajikande kwa maji moto ya chumvi. Gunia lenyewe lilikuwa kilo mia moja na kumi hivi. Sina hakika, kwa sababu kilemba hakikupimwa. Lakini Thuo yuko kazini. Mimi nilikwenda pale kwa hiari yangu, na mtu wa hiari anafaa kuhurumiwa zaidi.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Jumapili mwanangu alimleta kanisani mtoto wake wa kwanza aombewe. Kwa desturi yetu mtoto huyo amepewa jina langu. Ni Muiruri kamili, ana majuma saba. Mchungaji akasema babu amshike amwinue watu wote wamwone. Nikanyoosha mikono. Ikafika usawa wa mkanda wa suruali, ikakwama hapo. Mtoto akapewa babu wa upande wa mama yake, mtu ambaye hajabeba kitu kizito maishani, naye akamwinua mpaka karibu na mataa. Nililia, Bwana Afisa, na kwa vile mikono haifiki usoni sikuweza hata kujifuta. Waumini wakadhani nimeguswa na mahubiri. Mtoto ana kilo nne na nusu tu! Thuo naye husema hajambeba binti yake tangu mwezi wa tatu, lakini yule ni mkubwa, anaweza kutembea.

5. Kwa hayo yote, naomba uifunge jimu hiyo mara moja, kila sahani ipimwe mbele ya mashahidi, na Jerry ashtakiwe kwa kosa la kilemba. Naomba pia itungwe sheria kwamba mtu asiwekewe mabegani hata kilo moja ambayo hakuambiwa. Sheria ikichelewa, basi niruhusiwe kumtuma mtu aninyanyulie vyuma hivyo huku mimi nimesimama kando na daftari, kama inavyofanywa katika kazi nyingine zote za kubeba. Misuli itakayopatikana ihesabiwe yangu.

Wasalimie wenzako wote ofisini, na wa nyumbani kwako, na yeyote unayemjua mwenye bega bovu. Waithera anawasalimu pia, kwa mkono mzima.

Ni mimi niliyelemewa,

Muiruri Ngigi.

Nyongeza: Uniwie radhi kwa mwandiko, si wangu. Kalamu imenishinda kushika, kwa hivyo mimi nimesema na Thuo ameandika. Tangu bega limharibikie nimemweka stoo ahesabu magunia. Anaomba aongeze mistari michache ya salamu zake, nami nimemruhusu. Sitaisoma, kwa sababu miwani iko mezani na mikono haifiki machoni.

Bwana Afisa, ni mimi Thuo. Salamu sana. Jumanne saa kumi na moja asubuhi tunapakia lori moja hapa stoo, magunia tisini, yote na kilemba. Kuja na mizani yako, hii yetu usiitumie. Iko na chuma kimefungwa upande wa nyuma, ndiyo maana ile sahani ya ishirini ilisoma kumi na nne. Najua kwa sababu ni mimi niliambiwa nikifunge. Msichana wangu anaitwa Emmy, ako na miaka mitatu, na bado analilia kubebwa. Hayo mengine yote nimeandika vile mzee amesema. Sijaongeza kitu juu.