Shangazi Anataka Kuona Kazi

Mkurugenzi aliwaona kabla hawajatua mizigo. Walikuwa watatu, kila mmoja na begi mgongoni kubwa kama jokofu dogo, wamesimama nje ya nyumba ya wageni iliyo rahisi kuliko zote karibu na gati, wakibishana kama kitanda kimoja kinaweza kulaza watu watatu. Moyo wake ulijaa upendo. Tajiri ni mgumu kumla, maana ana watu wa kumfikiria. Lakini mtu anayejivunia kwamba hulipa kidogo kuliko wenzake, huyo kamba amekwisha kujifunga mwenyewe. Kazi yako ni kushika ncha.

Kampuni ya Mkurugenzi ilikuwa na ofisi moja, mfuko wa shati lake, na mtambo mmoja, ulimi. Mashua haikuwa nayo. Miwani ya kuzamia haikuwa nayo, wala mirija ya kupumulia. Ilichokuwa nacho ni kulijua jambo moja: pale gatini, nauli ya kisiwani hailipwi asubuhi. Zamani wenye mashua walikuwa wakichukua pesa za watu, wanawamwaga kisiwani, halafu wanasahau kuwafuata. Watu wakachachamaa, na tangu hapo ikawa desturi: unalipa ukisharudi, miguu yako ikiwa juu ya gati, na aliyeleta kundi ndiye anayejibu kwa ajili ya kundi.

Wageni hawakulijua hilo. Basi Mkurugenzi alikuwa akikusanya pesa za safari nzima asubuhi, anapanda na wateja wake bila kutoa hata senti, na wakishatumbukiza nyuso majini kutazama samaki, yeye anarudi na mashua ya mchana kwa nauli ya mtu mmoja. Akiulizwa na nahodha kundi ni la nani, anamwonyesha kwa kidole yule mwenye begi kubwa zaidi. Jioni watajijua. Na kila safari alichagua mashua nyingine, maana hata mwizi anahitaji heshima mahali pa kazi.

Siku hiyo, hata hivyo, palikuwa na jambo zito kuliko pesa. Mkurugenzi alikuwa amependa. Alimpenda binti wa duka la fotokopi, kwa dhati, mpaka akawa anafotokopi vitu asivyovihitaji. Binti alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye macho ya kupimia watu nguo bila futi. Jana yake Shangazi alikuwa amesema hivi: "Mwanangu nitampa mtu mwenye kazi. Sisemi tajiri, nasema kazi. Na sitaki kusimuliwa, nataka kuiona. Kesho nakuja gatini. Nisipoiona, binti anakwenda kwa mjomba wake, na namba ya simu anabadilisha."

Kwa hiyo Mkurugenzi alihitaji wateja wa kuonyesha. Na Mungu, ambaye hamtupi mja wake hata mja akiwa wa namna hii, alikuwa amemletea watatu wenye mabegi.

"Mnakwenda kisiwani?" aliwauliza, kwa sauti ya daktari anayeuliza panapouma.

Aliyejibu alikuwa msichana mwembamba, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, na wale wawili walikuwa binamu zake. "Tunaweza kwenda wenyewe," alisema Mhasibu. "Tumeshasoma kila kitu kwenye simu."

"Mnaweza, dada. Hata mimi naweza kujing'oa jino mwenyewe."

"Wewe ni nani?"

"Mkurugenzi."

"Wa nini?"

"Wa safari. Mashua, miwani, mrija, kibali cha kutazama samaki."

"Samaki wanatazamwa kwa kibali?"

"Dada, siku hizi kuna kitu kisicho na kibali?"

Hilo lilimgusa Mhasibu, aliyekuwa amepoteza siku nzima wiki iliyopita kwa ajili ya muhuri. Akauliza bei. Mkurugenzi akaitaja. Mhasibu akacheka kicheko kikavu, akaikata nusu. Mkurugenzi akashika kifua, akaegemea ukuta, akataja watoto ambao hakuwa nao. Mhasibu hakutikisika. Mkurugenzi akakubali kwa uchungu mkubwa. Nusu hiyo ilikuwa mara mbili ya nauli halisi.

"Chakula kimo?" aliuliza binamu mnene.

"Kimo, kaka. Kisiwani kila kitu kimo." Kisha akasogea, akashusha sauti. "Ila nawaomba kitu kimoja. Tukifika gatini msitaje bei. Wenzenu wamelipa mara tatu ya hiyo. Wakisikia, wataniua."

Mhasibu alitabasamu kama mtu aliyedokezwa siri ya serikali. "Hatutamwambia mtu," alisema. Na hivyo ndivyo mtu mwenye akili alivyojiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akalipa, akasema asante.

Gatini Shangazi alikuwa ameshafika, mwavuli mkononi, mkoba begani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Hawa ndio kazi?"

"Ndio wateja, Shangazi."

"Na mashua hii?"

"Ya kampuni."

"Na yule anayekumba maji humo ndani?"

Nahodha, mwenye mashua, mtu mpana wa maneno machache, alikuwa ameinama na kopo, akiyatoa maji yaliyovujia ndani usiku kucha. "Wa kampuni," alinong'ona Mkurugenzi. "Basi, Shangazi, umeshaona. Nikusindikize upate usafiri?"

"Nimeona watu wamesimama. Kazi bado." Akaanza kupanda.

"Jua ni kali, Shangazi!"

"Nina mwavuli."

"Mawimbi je?"

"Nimelea watoto wa kaka zangu wote. Mawimbi yatanifanya nini?"

Mashua ikaondoka. Mkurugenzi alisimama mbele na kuhutubia. Aliwaambia wateja kwamba samaki wa pale wana haya, hivyo watazamwe kwa adabu. Binamu mrefu aliyaandika hayo kwenye simu. Nyuma kabisa, karibu na injini, Shangazi alikuwa amekaa ubavuni mwa Nahodha, na wawili hao walikuwa wakizungumza. Injini ilinguruma. Mkurugenzi hakusikia neno, akajipa moyo kwamba wazee huzungumzia magoti.

Kisiwa kilikuwa kidogo, mchanga, banda moja na miti michache iliyochoka. Nahodha aligawa miwani na mirija, akasema ataondoka na wanaotaka kurudi mapema, kisha atarejea jioni kuwachukua waliobaki. Mkurugenzi akamsogelea Shangazi.

"Shangazi, turudi na mashua hii. Nina kikao na wafadhili."

"Uwaache wateja? Kazi gani hiyo, ya kumwaga watu kama takataka?"

"Mkurugenzi!" aliita Mhasibu kutoka majini. "Njoo utuonyeshe hao samaki. Tumelipia kibali!"

"Nenda, baba," alisema Shangazi. "Waonyeshe."

Maji mengi kuliko yote ambayo Mkurugenzi aliwahi kutia kichwa yalikuwa ya beseni. Lakini mkwe anatazama. Akaacha simu ndani ya viatu mchangani, akavaa jaketi la kuokolea maisha, akakaza mikanda yote, pamoja na mmoja ambao haukuwa wa kitu chochote.

"Na huo mfuko?" aliuliza Shangazi, akikitazama kibeti chenye mapato kilichoning'inia shingoni mwake. "Noti hazijui kuogelea. Lete nikushikie."

Hapa Mkurugenzi alikwama. Duniani pote palikuwa na watu ambao angeweza kuwanyima kibeti kile. Askari angemnyima, mwenye nyumba alishamnyima mara nyingi. Lakini mama anayekuandalia mke, umwambie nini? Kwamba unaogopa ataiba? Siku hiyohiyo umeposa na umevunja. Akakivua, akampa kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama adabu inavyotaka.

Majini, wateja walimshika mikono, wakamsukuma uso chini. Akafumbua macho. Chini yake samaki wa njano walipita kwa kundi, wakageuka wote pamoja, bila kugombana. Mmoja wa buluu alikuja mpaka kwenye kioo, akamtazama usoni, akaondoka bila haraka, kama karani aliyeona faili si lake. Miaka yote Mkurugenzi alikuwa akiuza samaki hawa, na hakuwahi kushuku kwamba wapo.

"Kumbe kweli!" alisema ndani ya mrija, akameza chumvi.

Alipoinua kichwa kukohoa, aliiona mashua ikikata maji kuelekea mjini. Katikati yake ulikuwa umefunguliwa mwavuli. Chini ya mwavuli, mkono ulikuwa ukipunga.

Alipiga kelele. Wateja walidhani ameona papa, wakampigia makofi kwa kuwatahadharisha.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Chakula kilichokuwemo kiligeuka kuwa biskuti za binamu mnene, ambazo binamu aliwagawia wote kwa huzuni. Mkurugenzi alikizunguka kisiwa akitafuta njia ya kutokea, akajikuta kila mara amefika kwenye nyayo zake mwenyewe.

Jioni Nahodha alirudi. Wateja wakapanda, wameungua na jua na wamefurahi. Nahodha akamvuta Mkurugenzi pembeni.

"Tukifika gatini nauli ya kundi lako utanilipa. Yako, ya hao watatu, na ya shangazi yako."

"Ya Shangazi? Hakulipa?"

"Amesema wewe ndiye uliyemleta."

"Amesema nini kingine?"

"Kwamba kazi ameshaiona. Na kibeti ni cha bibi arusi, usimdai."

"Mimi sina kitu, mzee wangu. Kweli tena."

"Najua. Naye alijua. Asubuhi nilimwambia mtu wangu wa kukumba maji amenikimbia, na kila ninayemwajiri anakimbia. Akasema anaye mmoja asiyejua kuogelea." Nahodha akamkabidhi kopo. "Nikampa na kitu kidogo kwa usumbufu wake. Nauli utailipa kwa kukumba, na kesho utaosha miwani."

Mkurugenzi alitazama nchi kavu, mbali. Alitazama maji, karibu. Akapiga magoti, akaanza kukumba.

"Mkurugenzi, unafanya nini huko chini?" aliuliza Mhasibu.

"Ukaguzi, dada. Wa ndani."

Mhasibu aliinamisha kichwa kwa heshima. Ukaguzi aliujua. Na walipofika gatini alimshika mkono kwa huruma, akamwambia, "Tulikubana sana kwenye bei. Usituwekee kinyongo."

"Nimeshasahau," alisema Mkurugenzi, na mikono yote miwili ilikuwa ikimwuma.

Simu yake ikalia akiwa bado na kopo. Alikuwa ni binti wa fotokopi.

"Shangazi anasema umepata kazi."

"Nimepata."

"Kazi gani?"

Maneno yalimjaa mdomoni, mazuri yote: msimamizi wa vyombo, mshauri wa usalama majini, mkuu wa kitengo. Lakini Nahodha alikuwa amemsimamia kichwani, anakunja kamba, anasikiliza.

"Nakumba maji kwenye mashua ya watu," alisema.

"Rudia."

"Nakumba maji. Na kesho nitaosha miwani."

"Uongo huu umeutoa wapi?" alisema binti, kwa wasiwasi. "Haufanani na wako."

"Si uongo!"

"Mpe simu huyo mwenye mashua."

Nahodha alipokea kwa mkono uliolowa. "Ndiyo, binti... Yupo... Hapana, kuogelea hajui. Mvivu, ndiyo, lakini hana pa kukimbilia." Akasikiliza kwa muda mrefu, akacheka mara moja, akairudisha simu ikiwa imekatika.

"Amesemaje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kwamba mshahara wako nimpelekee Shangazi, kila wiki, mpaka siku ya harusi."

Mkurugenzi aliinuka nusu, magoti yakivuja maji. "Kwa hiyo harusi ipo?"

Nahodha alifikiri, kama mtu ambaye hatoi kitu bila kukipima.

"Ipo," alisema. "Kule mbele umeacha maji."