Pua ya Sabuni

Jumatatu, 3 Machi
Sanaa yote ya mji huu imesimama juu ya mabega yangu. Sijisifu. Mpwa wangu anasoma chuo cha sanaa, anaishi kwangu, anakula kwangu, na mawazo yake mengi huyapata akinitazama. Ijumaa walimu wanakagua kazi yake ya mwisho: sura yake mwenyewe, kwa kitu chochote atakachochagua. Akianguka, mama yake, yaani dada yangu, anamrudisha nyumbani akashone sare za shule. Cherehani imeshanunuliwa. Iko sebuleni kwangu, imefunikwa shuka, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Ameshajaribu magazeti, udongo, hata nywele alizopewa na kinyozi wa jirani. Kila mara anakaa mbele ya uso wake na kusema, "Mjomba, huyu simjui." Kinyozi naye anatangaza mtaa mzima kwamba yeye ni mdau wa sanaa. Kwa nywele za kufagia!

Jumanne, 4 Machi
Nimenyoosha mashati arobaini leo kwa dobi ninakofanya kazi. (Niliwahi kunyoosha suruali ya rais akiwa bado ameivaa, ila hayo siandiki.) Katikati ya mvuke wazo likanishukia. Sabuni. Nyeupe, laini, inakatika kwa kisu cha jikoni. Nikambebea mpwa miche sita. Akainusa, akasema hiyo ndiyo harufu ya nyumba zote alizokulia. Nikamwambia aandike jina langu kwenye kazi. Akasema tutaona. Kwa wasanii, tutaona maana yake ndiyo.

Jumatano, 5 Machi
Anachonga tangu alfajiri. Maganda meupe yamejaa sakafuni. Ukipita yanainuka kidogo, yanatua tena, kama yamebadili mawazo. Nikalala kitini nikaota mimi ni sanamu mbele ya stesheni, njiwa wananisalimia kwa zamu. Nilipoamka uso ulikuwa tayari. Paji lake, midomo yake. Pua tu ndiyo inamkosesha raha. Kaichonga mara nne, anasema bado ni pua ya mtu wa kwenye tangazo. Ameuweka uso rafuni bafuni, kwenye ubaridi, ukauke. Amenionya nisiuguse. Nani, mimi?

Alhamisi, 6 Machi
Unyevu wa bafu hili ni mkali. Umekula pua yote. Mpwa yuko chuoni, anarudi saa kumi.

Baadaye. Sawa, si unyevu. Nilikuwa naoga, macho nimefumba, povu limepanda mpaka masikioni. Nikapapasa rafu, nikashika kitu cheupe. Sabuni tamu ajabu. Nilikuwa nimefika mbali kimawazo, napokea nishani kwenye uwanja uliojaa watu, wote wamevaa mashati niliyonyoosha mimi. Nikafumbua macho. Mpwa wangu ananitazama, hana pua.

Nilinawa mikono tu. Naandika ijulikane.

Nikatafuta kipande cha sabuni, kisu, kioo cha kunyolea. Pua pekee iliyokuwa karibu ni yangu. Nikaichonga ilivyo: pana, na kinundu katikati, kile nilichokipata nikiamulia ugomvi wa wanajeshi saba. Nikaibandika kwa maji ya moto. Nikajitakia mema.

Ijumaa, 7 Machi
Jana saa kumi mpwa aliingia bafuni, akakaa humo muda mrefu. Nikasimama nje nimeshika pasi, sijui ya nini. Akaniita. Akauliza nani kagusa pua. Nikasema kinyozi.

Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Mjomba, hii ni pua yako." Kisha akapapasa ya kwake, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Kinundu kipo. Kidogo, lakini kipo. Akasema siku zote akijichonga alikuwa anakiruka. Halafu akauliza yeye aliamulia wanajeshi wangapi. Marehemu mama yetu naye alikuwa nacho.

Leo walimu wameuzunguka uso ule. Mwisho mmoja akasema, huyu sasa ni mtu. Amefaulu. Dada, aliyekuja kumchukua mwanawe, akautazama, akashika pua yake mwenyewe, akaomba maji ya kunywa. Ameondoka na cherehani yake.

Jina langu halikuandikwa. Ila kwenye kibao kando ya uso, penye orodha ya vifaa, pameandikwa: sabuni, mjomba. Kinyozi hayumo. Nimesoma mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimemweleza kinyozi kwamba sasa mimi ni mshauri wa pua. Ameomba nikae vizuri asinikate. Nafikiria kuchapisha kadi.

Mpwa ameanza kazi mpya: uso wa mkate, kauoka mwenyewe, uko mezani unapoa. Mvuke unautoka puani, utadhani unapumua. Amenionya. Nani, mimi? Sikio la kushoto lilikuwa limeungua kidogo, nikaona nilirekebishe. Nimelirekebisha kwa chai. Sina wasiwasi, nitachonga jingine. Masikio ninayo mawili.

Jambo moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Alhamisi ile sikunawa mikono. Nilisugua visigino.