Dirisha la Huku, Dirisha la Kule

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua leo kwamba binti yangu anataka kutoroka. Kutoroka ni neno langu. Yeye anaita kazi.

Kwanza nijieleze, ingawa shajara hii haina msomaji ila mimi. Nachora kadi katika kampuni ya uchapaji. Kadi za mwaliko, vipeperushi, majalada ya madaftari. Mimi niko ofisi kuu. Mashine kubwa ya kuchapa iko tawini, upande wa pili wa mji, na anayeiendesha ni Kitinda, binti yangu huyo, mwanangu wa mwisho. Kazi ikiwa tayari nafungua kompyuta yake ndani ya dirisha kwenye kompyuta yangu. Naona skrini yake yote. Naweza kubofya chochote kana kwamba nimeketi kitini pake. Ni halali kabisa, Bosi mwenyewe aliagiza.

Basi asubuhi nafungua, nakuta barua pepe yake iko wazi. Sikuisoma. Niliiona tu, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kampuni ya kuchapa vitabu, mji wa mbali kweli kweli, inamwita kwenye usaili keshokutwa. Usaili wa kwenye kompyuta, akiwa palepale tawini!

Mke wangu alikuwa anajua. Bosi alikuwa anajua. Nimeuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Mke wangu amesema waliogopa nitapata wazo.

Mji wenyewe sitautaja humu. Kwetu nyumbani unaitwa "kule" tu, kwa amri yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo.

Usaili ni saa nne asubuhi. Nikiirudisha nyuma saa ya kompyuta yake, atajiona ana muda tele, atakunywa chai yake taratibu, na wale wa kule watachoka kumsubiri. Hakuna atakayeumia. Mtu kachelewa tu! Nani hajawahi kuchelewa?

Dhamiri ilinisumbua kidogo mchana. Nikaongeza chakula, ikanyamaza.

Jioni, Kitinda akiwa ameshatoka, nikafungua dirisha lake. Ubaya wa dirisha hili ni kwamba halina tofauti na madirisha yangu. Rangi ileile, vitufe vilevile, saa ileile pembeni chini. Kuna saa mbili, moja juu ya nyingine. Nikabofya, nikairudisha nyuma, nikazima kila kitu haraka. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwenye kikao cha Bosi mapema, kifua mbele. Nikakuta watu wanapanga viti. Kikao kimekwisha! Bosi ameniuliza kama siku hizi nahesabu saa za nchi nyingine.

Mhasibu, ambaye meza yake imepakana na yangu na hapitwi na jambo, amekuja kuinamia kompyuta yangu. Akatangaza kwa ofisi nzima kwamba saa yangu imerudi nyuma. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kabla ya kubofya ni vizuri kujua niko dirisha la nani. Nikamwambia nilikuwa najaribu kitu. Akasema kimefaulu.

Kitinda aliingia kwenye usaili kabla ya wakati. Wamempenda. Jioni amenisimulia yote, macho yanang'aa. Nikakohoa ili nisilazimike kusema lolote.

Alhamisi, 6 Machi

Wamempa kazi. Wanataka jibu kesho.

Nilikuwa uani natengeneza bomba ambalo halijaharibika. Kitinda akanifuata. Akasema hataki hotuba. Anataka neno moja tu kwa baba yake, huku au kule, na lolote nitakalosema atalifuata bila kinyongo. Neno moja! Nilikuwa nayo mengi. Nikamwambia bomba linavuja. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Mke wangu amekuja baadaye kusema mtoto anasubiri jibu. Nimesema nafikiri. Amesema nimekuwa nikifikiri tangu kaka yake mkubwa aondoke, na wa pili naye akaondoka nikiwa bado nafikiri.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Sikatai afanikiwe. Nataka afanikiwe, ila karibu. Ni yeye peke yake anayenipigia simu kuniambia wekundu wangu umezidi na kijani changu kimekufa. Wengine wote husema nzuri, nzuri, wakapita. Akiondoka, nani atanibishia? Tutabaki mimi na mama yake tukiulizana kama mlango umefungwa.

Kwa hiyo nina mpango. Kesho alfajiri, kabla hajafika tawini, nitamrundikia kazi zote za mwezi. Mashine itanguruma kutwa nzima. Hatapata hata nafasi ya kujikuna, sembuse kujibu barua. Siku ya mwisho itapita yenyewe, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Na safari hii sikosei dirisha. Nimebuni njia, Mhasibu ataumbuka. Skrini yangu nitaijaza neno moja, HUKU. Ya Kitinda nitaijaza neno moja, KULE. Herufi nyekundu, kubwa kama mlango. Hata mwenye usingizi hawezi kuzichanganya.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Nilifika ofisini wa kwanza. Nikaweka HUKU kwangu. Nikafungua dirisha, nikaweka KULE kwake. Nikakagua mara mbili. Sahihi kabisa! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kila neno lilikuwa mahali pake. Nikajiegemeza kitini kufurahia, na hapo ndipo nilipochelewa. Kabla sijatuma hata kazi moja, kishale cha kwake kikaanza kutembea chenyewe. Kitinda amefika!

Kikaenda hadi kwenye neno. Kikasimama. Kikakaa pale muda mrefu, nami natazama, sijui pa kuficha uso ingawa hanioni. Kisha kikaondoka kwa kasi, barua pepe ikafunguka, nikafumba macho, sikuona anaandika nini.

Simu ikalia. Alikuwa analia pia. Asante baba, asante baba, ndilo neno pekee nililosikia vizuri mwanzoni. Halafu akaeleza. Jana nilipomjibu habari za bomba, alielewa kwamba nataka abaki. Akaandika barua ya kuikataa kazi, akaiweka asubuhi aitume akiwa tawini. Amefika kuituma, amewasha skrini, akakuta jibu langu. Kule. Kwa herufi zilezile ninazochorea kadi za harusi, akasema, kwa hiyo alijua limetoka moyoni. Ameifuta barua, ameandika nyingine, ameshaituma.

Ina maana nilikuwa nimeshashinda! Nilishinda jana, kwa kunyamaza! Kisha nikaamka alfajiri, nikajifunga bao mwenyewe.

Ningeweza kumwambia. Mdomo ninao. Lakini aliuliza kama nimelala vizuri baada ya uamuzi mzito namna ile, na sauti yake ilikuwa nyepesi, ile ya zamani, ya kunikaribisha mlangoni. Nikasema nimelala vizuri.

Bosi amenipa mkono mbele ya watu. Amesema wazazi wa aina yangu wamebaki wachache. Mhasibu amesema hakutegemea hilo kwangu, na akasafisha miwani. Mke wangu amenikumbatia hadi nikaona haya. Pongezi zote nimezipokea.

Jumapili, 30 Machi

Ameondoka. Nimembebea begi. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotaka. Akaniambia anajua ilinigharimu, na hatasahau. Nikakohoa.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mke wangu ameuliza kama mlango umefungwa.

Jumatano, 9 Aprili

Habari njema! Kitinda amepiga simu. Amepewa kitabu cha watoto akipange, na rangi zinamsumbua. Amewaomba wakubwa wake ruhusa nifungue kompyuta yake kwa dirisha, kama zamani, nimtazamie kurasa. Baba yake! Kati ya watu wote wa kule!

Nimefungua. Kurasa ni nzuri kupita kiasi. Nimemwambia wekundu umezidi, ili awe na sababu ya kunibishia. Amebisha. Tumebishana hadi Mhasibu akahamisha kiti.

Ni kweli nimefurahi. Lakini mtu anayebisha kwa furaha namna ile anazoea, na akizoea harudi. Nimelifikiria jambo hili wakati wa chai, na nimepata wazo. Nina picha ya chumba chake niliyopiga juzi. Kitanda kimetandikwa, hakuna mtu, pazia limefunguliwa. Nikiiweka kwenye skrini yake, ataikuta asubuhi. Atakumbuka nyumbani. Hatakiwi kulia sana, kidogo tu, kiasi cha kuulizia nauli.

Sikuhitaji maneno safari hii. HUKU nilikwisha kuliondoa, lilikuwa linanikodolea macho. Siku hizi nina uzoefu. Nimeweka picha jioni, nimezima kila kitu haraka, nimetoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewasha kompyuta yangu asubuhi. Kitanda. Pazia. Hakuna mtu. Skrini nzima.

Nimeketi mbele yake na koti langu mwilini. Sijui kwa muda gani. Mhasibu amepita, akatazama, akajua ni chumba cha nani. Hakucheka. Ameniletea chai na hakusema kitu, jambo ambalo limeniudhi kuliko kicheko. Binti yangu nimemkumbuka vibaya sana. Basi, nimeandika.

Kitinda amepiga simu saa nne. Kule kwema. Amelala vizuri.

Nimechunguza chanzo cha kosa. Tatizo ni picha. Kitanda kimetandikwa vizuri mno, hakina uchungu wa kutosha, ndiyo maana kompyuta haikuelewa iipeleke wapi. Leo jioni nampiga picha mama yake akiwa dirishani.