Nguzo ya Kambale

Jumatatu, 3 Novemba

Jumamosi ushirika wetu wa kahawa hapa Bwera unachagua katibu wa takwimu. Nafasi ni yangu! Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Mpinzani wangu, Kambale, anachora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi za manila. Manila, zama hizi!

Mpango: kuunganisha programu ya kuchora chati na ghala la takwimu la ushirika, lililo kwenye wingu. Nilimweleza mke wangu Proscovia kwamba wingu hili si lile linaloficha Rwenzori. Ni kompyuta za watu wa mbali, nasi tunakodi nafasi humo. Akauliza kama kahawa ya miche yake mitatu nyuma ya jiko imo pia. Imo, kila kilo. Akaridhika.

Jumanne, 4 Novemba

Kasese mjini, kwa Barbara, mtunza ghala. Nikamwomba neno lake la siri. Akasema neno la siri haliazimwi kama jembe, mwalimu. Akanifungulia akaunti yangu, ya kusoma tu. Kusoma tu! Mimi! Eti anayesoma tu hawezi kuharibu kitu.

Jumatano, 5 Novemba

Anwani ya ghala, tayari. Jina langu, tayari. Nikabonyeza. Kimya. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikabonyeza. Kimya! Nikampigia Barbara. Akaeleza kwamba ghala lisipotumiwa hulala ili gharama isipande. Anayeliamsha husubiri kidogo. Kumbe kila lilipofumbua jicho, nilikuwa nalizimia kompyuta usoni! Jioni nikasubiri kwa adabu, kama mgeni mlangoni. Likaamka. TUMEUNGANA! Proscovia akapiga vigelegele bila kuuliza sababu.

Alhamisi, 6 Novemba

Programu inauliza: niwapange wakulima kwa namba ya uanachama, jina la kwanza au jina la pili? Mtu si namba. Jina la kwanza!

Nguzo za chati zikapanda. Ajabu: ya Kambale imewapita wote, inagusa ukingo wa kioo. Kambale huyu, mwenye kashamba kadogo kuliko ua wa kanisa! Kahawa hiyo ameitoa wapi? Lazima anavusha magunia kutoka Kongo. Nitamfichua mbele ya wote. Maskini Kambale. Karibu nimhurumie.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukumbi ulijaa. Hata Mama Blandine, mnunuzi kutoka Butembo kule Kongo, alikuja. Nikaonyesha nguzo ukutani. Akaruka: "Ee! Huyu Kambale iko mutu mukubwa! Munionyeshe shamba yake!"

Nikatoa sauti ya darasani. Kambale, simama ujieleze!

Zikasimama benchi mbili nzima.

Kwa faida ya mgeni atakayesoma haya: sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili mara nyingi ni Kambale. Karibu kila nyumba inaye. Darasani kwangu walikuwa wengi hata nikawa nawaita kwa madawati yao! Programu imewajumlisha wote wakawa mtu mmoja. Mzee wa benchi ya nyuma akauliza kama huyo Kambale mkubwa ana binti wa kuoza. Mwenyekiti, Bi Musimenta, alicheka hadi akavua miwani.

Mpinzani wangu akanijia taratibu. Akasema chati yangu inaishinda manila yake kwa mbali. Eti niwapange tu wakulima kwa namba za uanachama. Bi Musimenta akaahirisha uchaguzi hadi Jumamosi ijayo ili nirekebishe. Bado nimo!

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Namba? Mpinzani akikupa ushauri mzuri, huo ni mtego. Kosa lilikuwa jina la kwanza. Kwa hiyo dawa ni jina la pili, la ubatizo, ambalo mzazi huchagua apendavyo. Rahisi!

Nimeliamsha ghala kwa upole. Nguzo zimepanda. Kambale hayupo kabisa!

Anayeongoza ushirika mzima sasa ni Proscovia. Kwa miche mitatu! Nilijua mke wangu ana bidii, lakini sikujua ni kiasi hiki. Jumamosi nitamwita mbele, Mama Blandine amwone. Nimemwambia apige pasi gomesi yake mpya.