Nyoka wa Mchumba Wangu na Dera la Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena ukweni. Kidole kizima, roho ipo, ndiyo maana nimepata nguvu za kuandika.

Wengi mnamjua mchumba wangu Zuhura, mwalimu wa baiolojia. Msichokijua ni kwamba anafuga nyoka. Aliachiwa na mwalimu mwenzake, mzungu, aliporudi kwao. Nyoka mwenyewe ni mweusi mwenye pete nyeupe kuanzia shingoni hadi mkiani, na jina lake la kimombo maana yake ni nyoka mfalme, kwa hiyo Zuhura kampa jina la Sultani. Anakaa kwenye tangi la kioo chumbani kwa Zuhura, nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Chuno. Hana sumu. Nilielezwa hivyo tangu zamani, nikaitikia kwa kichwa (kutokea mlangoni).

Leo nilikwenda kujionyesha kwa mjomba wake. Baba yake Zuhura alishafariki, na huku kwetu hata baba akiwepo, mjomba asipotamka neno hakuna ndoa. Nikavaa kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe. Mjomba akachelewa kutoka Mikindani, mama akasema tusimsubiri, tule. Kuku wa kienyeji, wa kupaka. Nilikula kama mtu aliyekwisha kubaliwa.

Baada ya chakula Zuhura akamleta Sultani sebuleni.

"Leo umshike," akaniambia. "Utaishi naye, lazima mzoeane."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Akanitazama. Nikajua huu ni mtihani.

"Mlete," nikasema, kwa sauti nzito ambayo si yangu.

"Kanawe kwanza, kwa sabuni. Una harufu ya kuku."

"Nimeshanawa."

"Umechovya vidole kwenye maji, Hamisi. Huyu ni mpole sana, ila akisikia harufu ya chakula haulizi mara mbili."

Mtu mwenye akili angekwenda kunawa. Mimi nikanyoosha mkono (mbele ya mama mkwe, mwanamume hatumwi bombani kama mtoto).

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nyoka akatambaa mkononi taratibu, wa baridi na laini, wala hana haraka. Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mnyama wa kufoka, nikapata mnyama mstaarabu kuliko majirani zangu. Mama akasema, "Unaona? Hana neno huyo. Tangu aje, hata mimi nimeacha kumwogopa." Nikaanza kutabasamu. Zuhura akanipiga picha.

Sultani akafika kwenye vidole. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena. Akasimama kwenye kidole gumba kama mtu anayesoma kibao cha hoteli.

Halafu akakibwia.

Sikumbuki nilivyofika chini. Nakumbuka niko chali kwenye mkeka, mchele wa mama umemwagika, na nyoka kajizungusha kwenye kiganja changu anatafuna. Hakuuma na kuachia. Anatafuna, taratibu, kwa imani kabisa kwamba kuku yupo humo ndani.

"Usimvute," Zuhura akasema. "Ukimvuta meno yatakukwaruza. Tulia nilete maji ya baridi."

Akakimbilia jikoni. Mimi nikaona muda umekwisha.

"Mama, nitamkishe shahada."

"Ya nini, mwanangu?"

"Mikorosho yangu apewe mama yangu. Pikipiki apewe mdogo wangu, lakini abadili tairi la nyuma kwanza. Zuhura aolewe, nimemruhusu."

"Baba," mama akasema, huku akikusanya mchele wake, "kashika kidole, hajashika roho."

Zuhura akarudi na jagi, akammiminia Sultani maji kichwani kidogo kidogo. Nyoka akafikiri. Akaachia. Nikatazama kidole: vitundu vidogo vidogo kama vya sindano na damu ya kufutwa kwa kitambaa. Hakikuvimba. Hakikufa ganzi. Nilishusha pumzi hadi kanzu ikalegea.

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima kidogo. Lakini nilipokuwa nikiinuka nilimtikisa Sultani, naye akaogopa. Akatetemesha mkia, kisha akanimwagia kifuani kitu ambacho hawa nyoka hukitoa wakitishika. Harufu yake ni ya dagaa waliosahauliwa kwenye mfuko juani. Mama, ambaye nyoka hakumwogopa, akahamia dirishani.

"Vua hiyo kanzu," akasema. "Vua sasa hivi."

Kanzu ikaenda kwenye beseni. Nyumba hiyo haina mwanamume, kwa hiyo haina nguo ya mwanamume. Nikanawa (kwa sabuni, mara hii), nikapewa dera la mama, la njano, lenye maua makubwa. Nikakaa kona nikingoja kanzu ikauke.

"Hodi."

Mjomba kaingia kutoka kwenye jua kali, macho bado hayajazoea giza la sebule. Akamsalimia dada yake. Akanigeukia.

"Hujambo, bibie. Huyo kijana mwenyewe yuko wapi?"

Zuhura alikuwa ameuma upindo wa mtandio wake.

"Ndiye mimi, mjomba. Shikamoo."

Akalitazama dera kuanzia juu hadi chini. "Marahaba," akasema mwishowe, akaketi. Mama akamsimulia yote, hakubakisha hata tairi la pikipiki.

Mjomba alisikiliza bila kucheka. "Alimpiga huyo nyoka?"

"Hakumpiga."

"Alimbamiza ukutani?"

"Hapana, kaka. Alikuwa anagawa mirathi."

Hapo akacheka mpaka akavua kofia kujipangusa machozi. Alipotulia akasema, "Mtu kang'atwa na mnyama wa mwenzake, na hakumuumiza. Huyo atakaa na mke. Mimi sina kipingamizi."

Zuhura aliniangalia kwa fahari. Ukweli ni kwamba sikumpiga kwa sababu mkono wangu mwingine ulikuwa umeshikilia mguu wa meza na ulikataa kuachia. Sikuona haja ya kumsahihisha mzee.

Nimerudi kwangu Likombe jioni hii. Kidole hakina hata uvimbe, ndoa imekubaliwa, Sultani kapewa panya wake na amelala. Ile picha ninayotabasamu na Sultani mkononi, Zuhura ameshaituma kwa shangazi zake wote.

Kwa hiyo mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Siku ya harusi nataka nyuso za watu wazima.