Kurasa Sita za Sare

Jumatatu, 4 Desemba
Mvua. Duka tupu. Shangazi amesema wiki hii ikiisha kabla hajapata oda ya maana, anafunga duka na kwenda kushona kwa Pasi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Kwa Pasi! Anayemwita shangazi yangu "bibi viraka" mbele za watu!   Lakini tovuti ya duka niliijenga mimi, na ina kurasa sita kuhusu sare za shule. Ya Pasi ina ukurasa mmoja, tena umejaa makosa ya tahajia. Ukitafuta "fundi wa sare za shule", yeye ndiye wa kwanza. Sisi hatuonekani hata kwa tochi.

Jumanne, 5 Desemba
Nilizungukazunguka mlangoni kwa mwalimu wa kompyuta mpaka akauliza nimepoteza nini. Akaitazama tovuti. Akacheka. Eti kurasa zangu zote sita zinagombea maneno yaleyale, na mtambo wa utafutaji, usijue umpe nani kiti, umewaacha wote wamesimama nje. Mafahali sita zizi moja, akasema. Dawa: nibakize ukurasa ambao watu wanaufungua zaidi, nihamishie humo yote ya maana, na anwani za zile nyingine zimlete mtu hapohapo. Kumbe tunajila wenyewe! Nimehuzunika sana. Nimepunguza wali.

Jumatano, 6 Desemba
Takwimu ni aibu tupu. Ukurasa unaofunguliwa zaidi ni ule mfupi: vipimo, picha ya mlango, namba ya simu. Hauna hata tashbihi moja! Insha yangu, "Kifungo: Tafakuri", imefunguliwa na mtu mmoja. Ni mimi. Nimewaza sana. Watu hawatambui kizuri mpaka waonyeshwe. Nimebakiza insha, tano nimezifuta. Habari za vipimo sikuzihamisha, zingevunja mtiririko. Anwani za zamani nazo nimeziacha zife. Mwenye nia atatufikia.

Ijumaa, 8 Desemba
Simu ya shangazi imenyamaza kabisa. Awali ililia kwa nadra. Sasa anaitikisa kama saa mbovu.

Alasiri akaingia mama mmoja, sura ya majonzi, mfuko wa Pasi umejaa sare mkononi. Alikuwa amehifadhi anwani ya ule ukurasa wetu mfupi. Leo alipoifungua akaambiwa haupo, akajua basi, fundi ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo alinunua kwa Pasi, kisha akapita kutoa pole kwa wafiwa. Akamkuta marehemu anatia uzi kwenye sindano. Shangazi akamwambia asante, tumeshapoa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kupimia nguo. Nilibaki humo.

Jumatatu, 11 Desemba
Tumevusha cherehani. Nilibeba kiti chake. Pasi akamkaribisha bibi viraka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Shangazi akakaa, akauliza kitambaa kiko wapi. Mimi akaniambia nisijitie simanzi, mwanangu, nilijitahidi.

Kisha Pasi akaniuliza kama naweza kumsahihishia tahajia kwenye ukurasa wake. Nikautazama. Masikini, mmoja tu! Upweke ulioje! Nimeshamwandikia kurasa nyingine tano, zote kuhusu sare za shule, nikianza na "Kifungo: Tafakuri". Sijamwambia. Nataka iwe zawadi. Shangazi atakosa hata nafasi ya kupumua kwa kazi.